Mbao za Musitu wa Maji

Toka Bunia mpaka Bogoro ni karibu kilometa 25, kwa njia ya Kasenyi. Tukisimama kule juu, tunaona chini Ziwa Albert na bonde la muto Semliki unaoingia katika ziwa. Bogoro ni inchi ya majani, si ya musitu mukubwa. Mutu anayejenga pale anajua vizuri: udongo wa matofali uko karibu, lakini mbao nzuri zinatoka mbali.

Na watu wa Bogoro wamelazimishwa kujenga mara mbili. Tarehe 24 ya mwezi wa pili, mwaka 2003, kijiji kilishambuliwa. Watu wengi waliuawa, nyumba zilichomwa, manjanja yaling'olewa na kuchukuliwa. Mwaka 2017 Tribinali ya La Haye iliamuru watu 297 wapewe dolari 250 kila mutu kama alama ya malipo, tena wasaidiwe wote pamoja, hata kwa kujenga nyumba. Basi nyumba inataka mbao. Kwa hiyo ni vema tuulize: mbao zinatoka musitu gani, na musitu ule unabaki namna gani? Habari za zamani za misitu ya maji zinatujibu waziwazi.

Musitu wa maji ni ule ulio bondeni, ambao maji yanaufunika wakati wa mvua na kuuacha wakati wa jua. Kuangusha muti huko si taabu kubwa. Taabu ni kuutoa. Gari linazama, ng'ombe anazama. Kwa hiyo wakataji wa zamani walifanya maji yenyewe kuwa njia yao. Huko Louisiana, kusini ya Marekani, walimenya ganda la muti wa cipresi kwa kuuzunguka shina, wakauacha usimame na kukauka, maana muti mubichi ulizama mara nyingi. Maji yalipopanda, walifunga magogo pamoja na kuyasukuma mpaka mutoni. Maji yasipopanda, walingoja.

Lakini mwaka 1889 wakaanza kuweka mashini ya moshi juu ya mashua, na kuvuta magogo kwa kamba ya chuma. Toka siku ile hawakungoja tena. Walichimba mifereji, wakavuta magogo toka pande zote kufika pahali pamoja, na kila gogo lilivunja miti midogo njiani. Katika miaka 40 hivi, cipresi kubwa za zamani zilikuwa karibu kwisha. Mutu akipita juu kwa avioni anaona bado alama zile, kama vyuma vya gurudumu la baiskeli. Na pahali pengi musitu haukurudi. Sababu ni hii: mbegu ya cipresi haioti chini ya maji, inataka maji yaondoke kwanza, udongo uonekane. Muti nao unangoja majira yake.

Tusifikiri kwamba mambo haya ni ya mbali tu. Tukifuata bonde la Semliki kwenda kusini, ng'ambo ya Uganda, tunakuta musitu wa Bwamba, ulio mwisho wa musitu wetu wa Ituri kwa upande wa mashariki. Sehemu zake nyingi zinafunikwa na maji wakati wa mvua. Muti unaozidi huko ni muhimbi, mugumu sana, unaomaliza meno ya musumeno. Tena ukiwa mubichi hauelei. Mwaka 1932 serikali iliufanya kuwa musitu wa akiba, na mwaka 1993 ukawa parki ya taifa, kilometa za mraba 220. Hivi musitu ule ulikuwa na walinzi watatu: maji, ugumu wa muti, na sheria.

Leo mulinzi wa kwanza amepungukiwa na nguvu. Katika misitu ya Mambasa wakataji hawakokoti gogo. Wanapasua mbao pale pale penye shina kwa musumeno wa mashini, na vijana wanazibeba mpaka barabarani. Toka hapo magari yanazipeleka Komanda na Bunia, hata Uganda na Kenya. Matope yanazuia gari. Hayamuzuii mutu mwenye ubao kichwani.

Hatusemi kwamba mutu wa Bogoro asijenge. Aliyenyang'anywa nyumba yake, nani atamwambia angoje muti ukue miaka 40? Haja yake ni ya leo. Lakini muti anaoukata ni wa wajukuu wake pia, na hapa ndipo penye uzito.

Kwa hiyo mashauri yetu yanawaelekea kwanza wale wanaoweza kungoja. Sisi tunaojenga kapela, masomo na nyumba za misioni hatulali inje. Tumuulize muuzaji mbao zake zimetoka wapi, na kwa ruhusa ya nani. Tusinunue za kandokando ya mito na za vinamasi. Tupande kalitusi kwa nguzo, na miti ya mbao kando ya kila misioni, hata kama padri mwingine ndiye atakayeikata. Zamani maji yalimufundisha mukataji kungoja. Sasa ni juu yetu kujifunza jambo lile kwa hiari yetu.