Jina la Mjenzi na Miti 14

Mimi nalipwa kwa herufi, kwa hiyo mtu asije akadhani nina chuki na majina marefu. "General Dealers and Building Contractors" ni chakula cha siku kadhaa nyumbani kwangu. Nimechora vibao Uvira, Kongo, nikaja Malawi nikachora Kawale, mtaa wa Lilongwe, sasa nachora kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na kote huko sijaona wateja wagumu kama mafundi ujenzi. Mwenye duka huja na jina lake tayari, la mwanawe au la Mungu. Fundi ujenzi anataka jina limpe heshima ambayo nyumba zake bado hazijampa.

Juzijuzi vijana fulani hapa kambini waliniita. Wanashindilia matofali ya udongo kwa mashine ya mkono, wanatia simenti kidogo, wanayafunika na kuyamwagia maji mpaka yakomae. Hayapiti kwenye tanuru. "Papa," wakaniambia, "sisi tunataka neno Green liwe ndani." Rangi ya kijani ninayo. Lakini badala ya kufungua kopo nikakaa juu ya tofali lao nikaanza kuwapa habari za majina ya wajenzi wa nchi hii.

Nilianza mbali, Blantyre. Kampuni ya Waskoti iliyotangulia kufanya biashara kubwa huku iliitwa African Lakes Company. Jina zuri la karatasini, nalo halikukaa midomoni mwa wenyeji. Mmoja wa wakubwa wake, John Moir, alivaa miwani, na vioo vyake vilipometameta watu wakamwita Mandala. Jina likatoka usoni pake likaenda kwa kampuni, kwa maduka yake, mpaka kwenye nyumba iliyojengwa mwaka 1882 kwa ajili ya mameneja. Nyumba hiyo ipo hadi leo, ya ghorofa, na inahesabiwa kuwa jengo kongwe kuliko yote ya Kizungu nchini. Wajenzi wake walitumia matofali, nyasi na udongo. Yaani huo udongo ambao leo mtu akiutumia anaonekana hana uwezo, ndio ulioshika nyumba ya mabwana wakubwa kwa zaidi ya miaka 140.

Jirani na hapo, kati ya 1888 na 1891, mchungaji David Clement Scott alijenga kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote. Hakusomea usanifu wa majengo. Alikuwa na watu wa hapo, udongo, na moto. Kanisa lile la matofali lingali linawashangaza mafundi, na sidhani kama nakosea nikisema kwamba misheni ndizo zilizolipa tofali la kuchoma cheo chake. Nyumba nyekundu ikawa nyumba ya mtu aliyesoma. Nyumba ya tofali bichi ikabaki ya maskini, na sasa ya mkimbizi.

Serikali ilipohama Zomba kuja Lilongwe mwaka 1975, mji ulitaka matofali, na matofali yalitaka kuni. Asiyewahi kukaa karibu na tanuru la kienyeji hajui linavyokula. Unapanga matofali mabichi kama nyumba ndogo, unaacha mashimo chini, unapaka tope nje lote, halafu unasukuma magogo kwenye mashimo usiku na mchana. Si matawi, magogo. Yaliyo karibu na moto huungua mpaka yakapinda na kushikana, ya pembeni hutoka nusu mabichi, na mwenye tanuru huuza yote kwa maneno matamu. Vilima vingi vya mkoa wa kati vimebaki vipara, tumbaku na mkaa vikisaidiana na tanuru.

Majina ya wajenzi wakati huo wote hayakugusa habari hiyo. Kulikuwa na majina ya ukoo: Mota-Engil, ambao watu wa Malawi wanawajua kwa barabara, wamebeba mpaka leo jina la Manuel António da Mota, Mreno aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1946. Kulikuwa na majina ya shukrani, nayo nimeyachora mengi Kawale: Chisomo, yaani neema, Madalitso, Tiyamike, kila moja na "Investments" nyuma yake, hata kama mali yote ya kampuni ni toroli na pima maji. Siwacheki. Jina la shukrani lina adabu, tena mteja akidhulumiwa ana pa kushika: anakuja mlangoni kukuuliza hiyo neema iko wapi.

Halafu, mwaka 2016, likaja jina ambalo mimi kama mchora vibao nilisimama kulitazama. Kampuni ya saruji ya LafargeHolcim iliungana na CDC, shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, wakaanzisha kampuni ya kuuza tofali la udongo lililoshindiliwa bila kuchomwa, liitwalo Durabric. Wakaiita 14Trees. Hesabu yao ni kwamba nyumba moja ikijengwa kwa tofali hilo, huokoa hadi miti 14 ambayo ingeingia kwenye tanuru.

Sikia, Lilongwe ni mji wa namba. Kawale yenyewe ni Area 7. Mtu anakaa Area 25, anafanya kazi Area 3, anamzika jamaa yake Area 18, na wala namba hazifuatani barabarani. Kwa masikio ya mji kama huo, kampuni yenye namba mbele ilikuwa kama mwenyeji. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba namba inaulizika. Miti 14 ya unene gani? Nyumba ya vyumba vingapi? Anayejiita kijani humwulizi kitu, maana kijani haina kipimo. Anayesema 14 amekupa fimbo ya kumchapia.

Na kuchapwa anastahili kidogo. Kampuni hiyo baadaye iliingia kwenye nyumba zinazochapwa kwa mashine, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anavyokamua krimu juu ya keki. Lilongwe walisimamisha kuta za nyumba ya mfano kwa saa 12. Mwaka 2021 wilaya ya Salima ikapata shule ambayo kuta zake zilichapwa kwa saa 18, ya kwanza ya aina hiyo duniani. Kenya, huko Kilifi, wakaanza mtaa wa nyumba 52 na kuuita Mvule Gardens. Sawa, mti umeheshimiwa kwenye kibao. Ila wino wa mashine ile una saruji, na saruji hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Jina linahesabu miti ya Malawi na kunyamazia moshi wa kiwandani. Hata hivyo nalipenda, kwa sababu limenipa mahali pa kuanzia ugomvi.

Vijana wakanitajia na lile la Nairobi, Gjenge, la mhandisi Nzambi Matee anayegeuza plastiki chakavu kuwa matofali ya kutandaza njiani. Umoja wa Mataifa ulimtunza mwaka 2020. Jina ni jijenge, limenyolewa herufi. Kwangu lina shida moja tu: nikiliandika ukutani Dzaleka, kila mpita njia atasema mzee amesahau kuandika.

Hapo tukafika kwenye kitu ambacho mjenzi asiye mkimbizi hana haja ya kukifikiria. Mjenzi wa Malawi mwenye jina analipeleka kwa msajili, kisha kwenye baraza la ujenzi, NCIC, lililoundwa kwa sheria ya 1996, naye anapangiwa daraja la kazi anazoruhusiwa kuomba. Sisi wakimbizi tuko ndani ya lililokuwa gereza la Rais Kamuzu Banda, lililofanywa kambi mwaka 1994 kwa watu kama elfu kumi hivi, na sasa tumepita elfu hamsini. Malawi ilipoukubali mkataba wa wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake juu ya kazi na juu ya kutembea. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote waliokuwa mijini warudi kambini, na kuanzia Mei askari wakawa wanawatoa. Kawale kuna kuta zilizobaki na majina ya watu ambao hawapo tena nyuma ya kaunta. Mengine niliyachora mimi. Wapangaji wapya wameyapaka chokaa, na chokaa ya mkono mmoja haifichi rangi ya mafuta.

Kwa hiyo jina la vijana hawa halitaingia kwenye daftari lolote. Litaishi ukutani na mdomoni, kama Mandala. Ndiyo maana nikawakatalia Green. Nikawaambia nendeni kwa wachomaji mkahesabu magogo ya tanuru moja, mje na namba yenu wenyewe. Walikwenda. Kila mchomaji alitaja yake, na mmoja akawafukuza akidhani wametumwa na watu wa misitu.

Wakarudi na "Bila Kuni". Herufi nane, hasara kwangu, lakini nililipenda papo hapo: ni ahadi ambayo jirani yeyote anaweza kuja kuikagua kwa macho. Na tofali lao lina uso laini unaopokea rangi vizuri, si kama ukuta wa tope ambao hunywa kopo zima kabla herufi ya kwanza haijakauka.

Mama mmoja Mchewa anayewapikia akalisoma, akacheka. Kwa lugha yake kuni ni nkhuni, na hilo "bila" halimwambii kitu. "Mtajaza wateja hapa," akasema, "wote wanataka nkhuni." Kijana mmoja anasema tuchore tofali chini ya jina. Mwingine anataka neno la Kichewa lichukue nafasi ya "bila". Mimi nimeliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo yao, na nimewaagiza wahesabu wanaobisha hodi: wangapi wanaulizia matofali, wangapi wanaulizia kuni.