Okidi za Rungwe na Majina Yake

Mtu apitaye uwanda wa Kitulo, mashariki ya mlima Rungwe, mwezi wa Septemba, aweza kuapa kwamba hapana okidi hata moja. Arudipo Februari, baada ya mvua, atakuta majani yamejaa maua ya rangi mbalimbali. Ndiyo maana wenyeji wakapaita Bustani ya Mungu. Mimea ni ile ile. Kiangazi okidi za ardhini hubaki viazi tu. Baadhi ya zile ziitwazo Eulophia hutoa ua kabla ya majani. Na miongoni mwa Satyrium zimo ambazo ua lina shina lake na majani yana chipukizi lake, hata mgeni akadhani ni mimea miwili.

Jambo hilo huwatatiza wenye kazi ya kuainisha. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mmisionari wa Kimoravia Adolf Stolz, aliyekaa Kyimbila karibu na Tukuyu, alikusanya sampuli zaidi ya 2,000 za mimea. Okidi zake zilichunguzwa Berlin na Rudolf Schlechter, ambaye mwaka 1915 alichapa maelezo yake akatoa majina mengi mapya. Jenasi moja ya okidi ndogo ziotazo juu ya miti akaiita Stolzia. Lakini mbele ya Schlechter kilikuwako kipande kikavu kilichochumwa siku moja. Mwaka mzima wa mmea hakuuona. Baadhi ya majina yale baadaye yalionekana kuwa ya mimea iliyokwisha pewa jina. Simlaumu, nani kati yetu angemtambua mtu kwa kuona kofia yake?

Machi 1943 hifadhi ya mimea ya Berlin iliungua kwa mabomu, na okidi za Schlechter zikateketea. Zilisalia nakala zilizokuwa zimepelekwa kwingine, na mimea yenyewe huku vilimani.

Nayo mimea hiyo inachimbwa. Viazi vyake hukaushwa, vikatwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kipendwacho mno Zambia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 vilivushwa mpaka kila mwaka kutoka Nyanda za Juu za Kusini. Mwaka 2005 Kitulo ikafanywa Hifadhi ya Taifa, kwa ajili ya maua hasa.

Hapa ndipo elimu ya Berlin inapokwama. Uainishaji wa okidi tangu zamani umesimama hasa juu ya ua, na kiazi kilichomo guniani hakina ua. Mlinzi afunguaye gunia njiani hawezi kusema ni spishi ipi, ya kawaida au ya nadra; hulazimika kutegemea maabara ipime chembe za urithi. Mchimbaji, kwa upande wake, hutenganisha kwa vidole tu kiazi kifaacho chungu na kisichofaa, na jina la Kilatini halimhusu. Mahali alipokwisha kung'oa kiazi, Februari ijapo hapachanui kitu.