Kutunza Vito vya Dhahabu na Fedha Wakati wa Kiangazi: Kabatoro, Kasese na Mpakani Bwera

Wafanyabiashara wa chumvi na wasafirishaji wanaopita Katwe-Kabatoro, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, huvaa dhahabu kwa sababu zile zile za wenzao wa Butembo, Kampala au Dar es Salaam: kama pambo na kama akiba. Mkufu wa karati 22 ni mtaji mdogo unaoweza kugeuzwa noti siku lori linapoharibika njiani au ada ya shule inapodaiwa. Hata hivyo, eneo hili ni gumu kwa vito kuliko miji mingi ya ukanda huu, na ugumu huo huzidi wakati wa kiangazi. Makala hii inaeleza sababu na njia za kupunguza hasara.

Kiangazi na mavuno ya chumvi

Kabatoro iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, hivyo haina majira ya joto kama yale ya Ulaya. Ina vipindi viwili vya ukavu, takriban Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Hivyo ndivyo vipindi vya mavuno, kwa kuwa jua ndilo linalokausha maji katika vidimbwi vya chumvi kandokando ya ziwa Katwe. Mvua ikinyesha, uzalishaji hushuka. Kwa maneno mengine, msimu wenye malori mengi na pesa nyingi mkononi ndio msimu wenye vumbi la chumvi na jasho jingi.

Chumvi ya Katwe si ile ya mezani pekee. Maji ya ziwa yana kloridi, kabonati (yaani magadi) na salfati, na tope lake hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Anayetilia shaka nguvu ya maji hayo anaweza kutazama mabaki ya kiwanda cha chumvi kilichojengwa kando ya ziwa na kampuni ya Kijerumani, na kuanza kazi mapema miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu kikasimama, na moja ya sababu kuu zinazotajwa ni mabomba yake kuliwa na maji hayo ya chumvi.

Dhahabu si chuma, na dhahabu tupu haiguswi na chumvi hata kidogo. Tatizo ni kwamba karibu hakuna anayevaa dhahabu tupu.

Karati ndiyo inayoamua

Dhahabu tupu, karati 24, ni laini mno kwa pete ya kila siku, hivyo masonara huichanganya na shaba, fedha, zinki au nikeli. Karati 22 ina sehemu 916 za dhahabu katika kila 1,000. Karati 18 ina 750. Karati 14 ina 585. Karati 9 ina 375 tu. Hii ya mwisho ni dhahabu kwa jina, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini mengine, na hayo ndiyo yanayoshambuliwa na chumvi na jasho.

Kwa karati 18 na zaidi madhara ya chumvi ni madogo. Kuanzia karati 14 kwenda chini, kloridi inaweza kusababisha nyufa, hasa mahali ambapo madini yamekunjwa, yamegongwa au yameungwa: kwenye kifungo cha mkufu, kwenye kiungo cha bangili, na kwenye vikucha vinavyoshika kito. Ufa huo hauonekani kwa macho. Mwenye mkufu huja kugundua akiwa Kikorongo kwamba shingo iko wazi. Dhahabu nyeupe iliyochanganywa na nikeli ina udhaifu huo huo kwenye vikucha, na mara nyingi kinachopotea ni kito chenyewe, ambacho ndicho chenye bei.

Vito vilivyopakwa tu rangi ya dhahabu havina kinga yoyote hapa. Tabaka la juu ni jembamba, chumvi hupenya kwenye mikwaruzo, na katika msimu mmoja wa mavuno shaba ya ndani inaweza kuanza kutoka kijani.

Wengi hudhani kwamba hatari iko mchana tu. Vumbi la chumvi likiwa kavu halifanyi mengi. Lakini unyevu wa hewa ukifika kiasi cha asilimia 75, kama unavyoweza kufika usiku na alfajiri, punje za chumvi huvuta maji na kuwa utando wa maji ya chumvi juu ya madini. Mkufu uliovuliwa jioni na kuwekwa mezani bila kusuuzwa huendelea kuliwa mwenyewe akiwa amelala.

Fedha na harufu ya ziwa

Fedha ya kawaida ya vito ina sehemu 925 za fedha na 75 za shaba. Gesi ya mayai viza huigeuza nyeusi, na chumvi huifanya ipauke. Karibu na ziwa Katwe bangili ya fedha hubadilika haraka kuliko mjini Kasese, na mnunuzi asiyejua humshuku muuzaji kwamba amemuuzia bandia. Weusi huo si dalili ya ubandia. Fedha halisi ndiyo inayogeuka nyeusi hivyo.

Weusi huondolewa bila kusugua. Chombo kitandikwe karatasi ya alumini ya jikoni, bangili iwekwe juu yake ikiigusa, kisha kimiminwe maji ya moto yenye kijiko cha magadi ya kuokea mikate. Salfa huhama kutoka kwenye fedha kwenda kwenye alumini kwa dakika chache. Njia hii haifai kwa vito vyenye lulu au mawe, wala kwa nakshi ambazo sonara amezipaka weusi kwa makusudi.

Klorini ya mpakani

Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukasambaa hadi Ituri na kumalizika Juni 2020, uliingia Kasese mwezi Juni 2019. Katika kipindi hicho abiria na madereva waliovuka Mpondwe walinawa mikono kwa maji ya klorini. Kunawa huko hakuna mjadala, na hatua hizo hurudi kila tahadhari inapotangazwa. Lakini klorini ni kali zaidi kwa dhahabu ya karati za chini kuliko chumvi, na mtu anayevuka mara nne kwa siku huiloweka pete yake mara nne. Jibu si kukwepa maji. Pete ivuliwe kabla ya kufika kwenye foleni na kuwekwa mfuko wa ndani wenye zipu. Mikono nayo husafishika vizuri zaidi, kwa kuwa chini ya pete ndiko uchafu hujificha. Kanuni hiyo hiyo inahusu Jik na dawa nyingine za kufulia.

Wanaoshika dhahabu ghafi

Dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Ituri na Kivu mara nyingi hukamatwa kwa zebaki. Zebaki hushika dhahabu popote inapoikuta, ikiwemo pete ya anayepima. Pete hupata mabaka meupe na kudhoofika. Wapo wanaoichoma motoni ili irudi rangi yake, na hapo hasara ya pete huwa ndogo kuliko ile ya afya, kwani mvuke wa zebaki ni sumu kwa ubongo na figo. Pete ya namna hiyo ifungwe kwenye chombo na kupelekwa kwa sonara, naye aambiwe wazi kilichotokea kabla hajawasha moto.

Mawe, lulu na joto la lori

Joto peke yake haliidhuru dhahabu. Linadhuru vilivyoshikamana nayo. Juu ya dashibodi ya lori lililoegeshwa juani joto linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Gundi hulainika, kaharabu huharibika, lulu hukauka na kupata nyufa. Tanzanaiti, inayochimbwa Mererani nchini Tanzania pekee, haipendi mabadiliko ya ghafla: kutoka kwenye kabati la moto hadi maji baridi inaweza kupasuka. Almasi na yakuti hustahimili vumbi; lulu hazistahimili, kwa kuwa mchanga wa kawaida ni mgumu kuliko lulu na hata kuliko dhahabu yenyewe.

Pete na kazi ya lori

Kwa utingo na wapakiaji suala hili si la pesa tu. Mtu anayeruka kutoka juu ya mzigo wa chumvi huku pete yake imenasa kwenye ndoano au ukingo wa bodi anaweza kung'olewa ngozi ya kidole, au kidole chote. Pete haina nafasi katika upakiaji, hata ile ya ndoa. Kwenye joto vidole huvimba, na pete iliyopita asubuhi hukwama mchana. Mkono uinuliwe juu kwa dakika kadhaa, upakwe sabuni, na pete izungushwe taratibu. Kidole kikianza kuwa cha bluu, pete ikatwe. Sonara ataiunga.

Kusafisha na kuhifadhi

Kinachohitajika ni kidogo: maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji isiyo na klorini, mswaki laini wa mtoto na kitambaa cha pamba. Kwanza vito visuuzwe kwa maji mengi ili chumvi na mchanga vitoke. Anayeanza kwa kusugua anakwaruza. Kazi ifanyike ndani ya beseni, maana kito kikichomoka kitabaki humo. Maji yawe baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Lulu zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu tu, bila kulowekwa. Majivu, mchanga na dawa ya meno hula dhahabu kidogo kidogo. Limau huharibu lulu na kula shaba iliyo ndani ya dhahabu ya karati za chini.

Baada ya kukauka kabisa, kila kipande kikae peke yake katika mfuko mdogo wa plastiki unaofungika. Kutupa mikufu mitatu katika kopo moja pamoja na sarafu kunafupisha maisha ya yote.

Uzito na makaratasi

Sonara hununua kwa uzito na karati, si kwa uzuri. Mwezi Machi 2008 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 1,000 kwa mara ya kwanza, sawa na dola 32 hivi kwa gramu. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000, zaidi ya dola 128 kwa gramu. Kwa bei hiyo ya pili, nusu gramu iliyosuguliwa kutoka kwenye bangili ya karati 22 ina thamani ya karibu dola 59. Mwaka 2008 uzembe huo ungegharimu dola 15. Inafaa vito vipimwe kwa sonara mwanzoni mwa msimu na mwishoni, huku vikucha na vifungo vikikaguliwa.

Uzito huo ukiandikwa pamoja na picha na risiti, husaidia pia mpakani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru nguo na vitu binafsi vya msafiri, lakini haisamehi bidhaa za kuuza. Mkufu mmoja shingoni hauzui maswali mengi; pete 12 za mtindo mmoja ndani ya vifungashio ni bidhaa, na zitangazwe hivyo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, lakini ukaguzi wa Kasindi haukuondolewa. Dhahabu ghafi ni jambo jingine kabisa, lenye leseni zake, na isibebwe katika mfuko mmoja na vito vya kuvaa.