Pete za Chuma na Nyayo Zilizokakamaa



Kariakoo yetu imepata jina lake kwa miguu ya watu. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, wale wa Carrier Corps, waliwekwa hapa, na ndimi za wenyeji zikaligeuza jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Watu wale walikwenda mamia ya maili na mizigo vichwani, na maelfu wakafia njiani. Hata leo, mwenye kufika sokoni alfajiri ataona riziki ya hapa inavyotafutwa kwa miguu: makuli, wasukuma mikokoteni, wachuuzi wazungukao mchana kutwa. Basi mtu aliyezaliwa na unyayo uliogeuka ndani, akawa anakanyagia ukingo au hata mgongo wa unyayo, taabu yake hapa ni kubwa.

Kilema hicho wazee hukiita kiguru, na hospitalini siku hizi huitwa mguu kifundo. Humpata mtoto mmoja au wawili katika kila elfu wanaozaliwa. Wala si jambo jipya. Katika vitabu vinasibishwavyo na Bukrati, tabibu wa Kiyunani wa kabla ya Nabii Isa, mna maelezo mawili ambayo ni ajabu kuyakuta kwa mtu mmoja. La kwanza, unyayo wa mtoto mchanga ugeuzwe kwa mkono, polepole, kama mtu afinyangaye nta, kisha ufungwe vitambaa. La pili, ugoko uliovunjika uvishwe pete mbili za ngozi, moja chini ya goti na moja juu ya kifundo, na katikati vitiwe vijiti vya kuzisukuma zitengane. Yote mawili yalikuja kurudi duniani baada ya zaidi ya miaka elfu mbili.

Shida kubwa ni unyayo ulioachwa. Mtoto akikua nao, mifupa hukua katika upindo ule ule, kano hufupika, ngozi hukaza, na kiungo hukakamaa kikawa kama gogo. Kuunyoosha kwa ghafula ni hatari, kwani mishipa ya damu na ya fahamu haivumilii kuvutwa mara moja. Wapasuaji wa zamani walikuwa wakikata kabari ya mfupa na kuunganisha viungo vikawa kitu kimoja. Mguu ulinyooka, lakini ulibaki mfupi na mkavu.

Njia nyingine ilitoka mahali pasipotarajiwa. Gavriil Ilizarov alizaliwa mwaka 1921 katika nyumba maskini ya Mayahudi, akakulia Qusar, huko Azerbaijan. Alipomaliza masomo ya utabibu mwaka 1944 alipelekwa jimbo la Kurgan, Siberia, mbali na kila mkubwa, na vita vilikuwa vimejaza watu wenye mifupa iliyokataa kuunga. Mwaka 1951 alianza kutumia chombo chake: waya nyembamba zipitazo ndani ya mfupa, zikakazwa kwenye pete za chuma zinazouzunguka mguu kwa nje, na pete zikaunganishwa kwa vyuma vyenye nati. Nati ikizungushwa, pete husogea, na mfupa huifuata.

Siri yake yote imo katika kiasi. Milimita moja kwa siku, nayo hugawanywa mara nne. Kwa mwendo huo mfupa mpya huota katika pengo, na nyama, kano na ngozi hurefuka bila kuchanika. Unyayo uliokakamaa hutiwa pete yake na bawaba, ukarudishwa kwa wiki na miezi.

Wakubwa wa Moscow walimpuuza muda mrefu. Kisha Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, aliyevunjika mguu kwa pikipiki mwaka 1965 na kupasuliwa mara nyingi bila kupona, akaenda kwake Kurgan, akapona, akaruka tena. Mwaka 1980 akamwendea Carlo Mauri, msafiri wa Kitaliano, na kwa sababu yake madaktari wa Italia walimwalika Ilizarov mwaka 1981. Kutoka hapo dunia ikajua.

Hapa kwetu, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1897 kwa mali ya tajiri Mwislamu wa Kihindi, Sewa Haji, ndiyo asili ya Muhimbili, na katika uwanja wa Muhimbili ikaundwa taasisi ya mifupa, MOI, mwaka 1996. Ni mwendo mfupi kutoka sokoni. Vyuma vya nje watu wa mjini wanavijua kwa majeruhi wa pikipiki. Vijana huviita antena.

Sasa nina la kukiri. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu aliniletea mwanawe wa miezi mitatu, nyayo moja imepinda. Nilimwandikia kombe, nikamwambia asubiri, ni maumbile ya Mungu. Sikumwambia aende hospitali, na hata siku zile plasta ilikuwapo. Ningekuwa nimesoma habari za Ignacio Ponseti wa Iowa nisingesema vile. Huyu alionyesha kuwa mtoto mchanga, kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, tano mpaka saba hivi, na mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha viatu vilivyofungwa kwenye chuma mpaka miaka minne, hunyooka bila upasuaji mkubwa. CCBRT ya Msasani huwatibu watoto hivyo.

Kijana yule alitiwa pete akiwa na miaka kumi na minne. Miezi mitano. Maumivu usiku, usaha kwenye tundu za waya, masomo yakakatika. Aliniuliza udhu wake utakuwaje. Nikamwambia aoshe pazima, apanguse maji juu ya bandeji, na atayamamu kwa kile kisichooshwa, kama lilivyo fundisho la madhehebu yetu ya Shafii. Na pale daktari alipokataza maji, maji yasifike.

Leo anakanyaga kwa wayo mzima. Kifundo hakikunji sawasawa, na kwenye tahiyatu huunyoosha mguu ule pembeni. Ana meza yake ya viatu karibu na Msimbazi.

Mama yake nilimwendea nikamtaka radhi kwa ile miaka. Alinimiminia kahawa, akasema, "Sheikh, na mimi nilikuwa nikijilaumu kwa hilo hilo."