Mantou ya Jana
Kaskazini mwa China, panapolimwa ngano nyingi, familia zilizoea kupika mantou, yaani mikate ya mvuke, kwa wingi kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Ziliihifadhi nje kwenye baridi ya kugandisha, kisha zikawa zinaipasha kwa mvuke kidogo kidogo. Desturi hiyo inapingana na dhana kwamba mkate hukakamaa kwa kupoteza maji tu. Mwaka 1852 mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kuwa mkate hukakamaa hata maji yakizuiwa kutoka, na hulainika tena ukipashwa moto. Chanzo kikuu ni wanga: ukipoa, hujipanga upya na kuwa mgumu.

Mtu atasema baridi hiyo ilikuwapo tu, haikuhitaji maarifa. Ni kweli hawakuchagua majira, lakini kuurudisha mkate mvukeni, ngozi yake ing'ae na ndani ubonyee tena, ni ujuzi. Mwingine atauliza mbona mantou ya friji huwa ngumu. Ubaridi wa juu kidogo ya sifuri huharakisha mabadiliko ya wanga; kugandisha hasa huyazuia. Kuifunika mantou huiokoa ngozi tu isikauke. Basi inayobaki igandishe mapema, kisha ipashe kwa mvuke.