Mirambo (jina la ukoo): asili, maana na kuenea kwake

Mirambo nm [a-/wa-]
1. lakabu ya vita ya Mtyela Kasanda (takriban 1840–1884), mtemi wa Uyowa na Ulyankulu katika Unyamwezi.
2. jina la mtu au ubini, hasa katika familia zenye asili ya mkoa wa Tabora.
3. jina la mtaa, shule au taasisi lililotolewa kwa kumbukumbu ya (1).
Tahajia nyingine: *Milambo*.

Jina hili linafahamika kwa kila aliyesoma historia ya Tanzania darasani, ilhali wanaolitumia kama ubini ni wachache mno wakilinganishwa na akina Maganga, Masanja au Kulwa. Umaarufu huo na uchache huo vikikutana, huzaa maswali mawili ambayo mwenye jina huulizwa kila anapojitambulisha: jina lako lina maana gani, na je, wewe ni wa ukoo wa mtemi? Swali la kwanza lina jibu ambalo wengi hawapendi kulisikia. La pili halina jibu linaloweza kutolewa kwa kulitazama jina peke yake. Makala haya yanaeleza sababu.

Tahajia na matamshi

Kinyamwezi hakitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili kifanyavyo. Kwa Mswahili, *kula* na *kura* ni maneno mawili. Kwa mzungumzaji wa Kinyamwezi, sauti hizo ni sura mbili za fonimu moja, na maandishi ya lugha hiyo kwa kawaida hutumia *l*. Ndiyo maana *Milambo* ndiyo tahajia iliyo karibu zaidi na umbo la lugha asili. *Mirambo* ni jina hilohilo kama lilivyosikiwa na sikio la pwani, kisha likaandikwa na wageni waliokuwa wakitegemea wakalimani na wapagazi wa Kiswahili. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Tabora mwaka 1871 na kushiriki upande wa Waarabu katika vita dhidi ya mtemi huyu, alilichapisha kwa *r* katika kitabu chake cha mwaka 1872, na tahajia hiyo haikung'oka tena. Urambo, nchi iliyokuwa chini ya mtemi huyo na ambayo leo ni wilaya, nayo huandikwa vivyo hivyo.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Mi-RA-mbo. Kinyamwezi ni lugha ya toni, kwa hiyo matamshi yake ya asili hayawezi kuwakilishwa kikamilifu na maandishi ya Kiswahili.

Maana

*Milambo* katika Kinyamwezi ni umbo la wingi lenye maana ya 'maiti'. Neno hili lina ndugu zake katika lugha za Maziwa Makuu. Kiganda kina *omulambo*, wingi *emirambo*; Kinyarwanda kina *umurambo*, wingi *imirambo*. Yote humaanisha maiti. Mfano wa Kiganda unafundisha zaidi, kwa kuwa humo *l* huandikwa *r* inapotanguliwa na *e* au *i*. Shina moja hubadilisha sura ndani ya lugha ileile, mara *-lambo*, mara *-rambo*. Kiambishi *mi-* ni kile kinachojulikana kwa Waswahili katika ngeli ya *mti/miti*. Jozi iliyo karibu zaidi katika Kiswahili, kwa ngeli na kwa maana pia, ni *mzoga/mizoga*.

Upo ufafanuzi mwingine unaomjia haraka msomaji wa Kiswahili. Katika nchi ya wafugaji, kuanzia Choma na vijiji vingine vya Igunga hadi Shinyanga, *lambo* ni bwawa lililochimbwa ili kuhifadhi maji ya mvua kwa ajili ya mifugo. Kusikia *Milambo* na kufikiria mabwawa ni jambo la kawaida, na maana hiyo ingekuwa tamu kwa aliye na jina. Hata hivyo sarufi haiikubali. *Lambo* ni neno la ngeli ya *ji-/ma-*, na wingi wake ni *malambo*. Hakuna njia ya kawaida ya kulitoa hapo na kulipeleka katika *mi-*. Mfanano huo ni wa sauti tu.

Vilevile mfanano na majina ya mbali haupaswi kuchukuliwa kuwa ushahidi. Yuko Chifu Milambo katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, na katika Kiluba cha Kongo neno lililo karibu kwa sauti, *mulambu*, wingi *milambu*, humaanisha sadaka. Atakayeunganisha majina hayo yote na Tabora kwa sababu ya sauti peke yake atakuwa amefanya kosa lilelile la *lambo*.

Lakabu katika njia ya misafara

Mtu aliyeitwa hivi hakuzaliwa na jina hili. Aliitwa Mtyela, na baba yake, mtawala wa Uyowa, aliitwa Kasanda. Alipoirithi Uyowa, kisha akaiunganisha na Ulyankulu, alijenga nguvu juu ya vikosi vya *rugaruga*, vijana wa vita wenye bunduki. Kati ya mwaka 1871 na 1875 alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe na kuivuruga njia ya Tabora kwenda Ujiji, ambayo ilibeba pembe za ndovu na watumwa kuelekea Bagamoyo. Jina la vita lenye maana ya maiti lilikuwa tangazo. Lilisikika kabla ya jeshi kufika, na huenda lilifanya sehemu ya kazi ya jeshi.

Kujulikana kwa lakabu hakukuwa jambo la ajabu katika njia ile. Tabora ilikuwa njia panda ya watu wa lugha nyingi, na jina la sifa lilisafiri kwa urahisi kuliko jina la kuzaliwa. Mtemi wa Unyanyembe aliyepambana na Waarabu kabla ya Mirambo alijulikana kama Mnwa Sele, jina ambalo John Hanning Speke alilifasiri kuwa la mnywaji. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye baba yake aliishi Tabora, anakumbukwa zaidi kwa lakabu ya Tippu Tip, inayosemekana kuiga mlio wa bunduki zake. Wengine huihusisha na kupepesa macho. Ngelengwa, aliyetoka Unyamwezi na kuanzisha dola ya Garenganze huko Katanga, aliingia katika historia kwa jina la Msiri.

Watu hawa wote walikuwa na majina mawili: moja la nyumbani, moja la njiani. Historia ilihifadhi la njiani.

Kutoka lakabu hadi ubini

Hapa ndipo ubini wa Mirambo unapotofautiana na kile ambacho msomaji wa leo hutarajia kutoka kwa jina la ukoo. Nchini Italia, kwa mfano, ubini wa kurithiwa ulijengeka katika Zama za Kati, na Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ukaagiza parokia ziweke vitabu vya ndoa na ubatizo. Ubini adimu wa Kiitaliano unaweza kufuatwa nyuma, kizazi baada ya kizazi, hadi kijiji kimoja. Wenye ubini huo mara nyingi wana asili moja, kwa sababu jina lilishuka kwa mstari mmoja usiokatika.

Unyamwezi wa karne ya 19 haukuwa na mfumo huo. Mtoto alipewa jina lake mwenyewe, ama kwa heshima ya babu au bibi, ama kwa mazingira ya kuzaliwa. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata ni Shija. Jina la baba lilitajwa ili kumtambulisha mtoto. *Mtyela Kasanda* lenyewe lina muundo huo: jina la mtu, kisha la baba. Kwa kanuni hiyo, ubini wa Mirambo ungekuwa Kasanda.

Desturi ya Kiislamu ya pwani ilifanana na hiyo katika jambo hili. Mtoto wa Tippu Tip aliitwa Sefu bin Hamed. Lakabu ya baba, ijapokuwa ilitikisa nchi, haikuwa ubini wake.

Kiti nacho hakikulifanya jina la Mirambo kuwa cheo. Mtemi alipofariki tarehe 2 Desemba 1884, alirithiwa na ndugu yake Mpandashalo, aliyetawala kwa jina lake mwenyewe, na baada ya miaka michache dola hiyo ikasambaratika. Linganisha na Fundikira. Huyu alikuwa mtemi wa Unyanyembe katikati ya karne ya 19. Jina lake lilirudi katika utawala wa Unyanyembe, na Abdallah Said Fundikira (1921–2007), waziri katika serikali ya Uhuru mwaka 1961, alijulikana kama Fundikira wa Tatu. Hapo jina na ukoo vilikwenda pamoja. Huko Katanga, wazao wa Msiri walihifadhi majina ya Mwenda na Munongo, na Godefroid Munongo (1925–1992), mwanasiasa wa Katanga, alikuwa mjukuu wake. Ubini wa Mirambo hauna mstari wa namna hiyo unaoonekana katika jina lenyewe.

Kwa hiyo mtu wa leo anaweza kuwa na ubini huu kwa njia zisizopungua tatu:

(a) *Kwa nasaba.* Anatoka katika familia ya mtemi, na wazee wake waliamua kulihifadhi jina kubwa la jamaa.

(b) *Kwa usomo.* Babu au baba yake alipewa jina hilo kwa heshima ya mtemi, au kwa heshima ya mtu mwingine aliyeitwa hivyo. Somo si lazima awe ndugu wa damu.

(c) *Kwa lakabu mpya.* Mtu aliitwa hivyo na wenzake kwa ushupavu wake, kama yule wa kwanza alivyoitwa.

Kilichoyageuza majina haya kuwa ubini wa kudumu ni karatasi: kitabu cha ubatizo, orodha ya kodi, daftari la shule, na baadaye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa. Chukua mfano wa kubuni. Mkulima wa Choma anampa mwanawe jina la Mirambo. Mtoto huyo anakua, anazaa, na mwanawe anaandikishwa shuleni kama Juma Mirambo. Juma anapoajiriwa, mwajiri anaandika *Mirambo* kwenye nafasi ya jina la mwisho, na watoto wa Juma wanalirithi lilivyo. Ndani ya vizazi vitatu jina la mtu mmoja limekuwa ubini, na aliye mbali ataapa kwamba familia hiyo ilitoka Iselamagazi, makao makuu ya mtemi.

Kuenea

Kama jina la mahali na taasisi, Mirambo limeenea kuliko kama ubini. Tabora ina Shule ya Sekondari Milambo na kambi ya jeshi yenye jina hilo. Dar es Salaam ina Mtaa wa Mirambo katikati ya jiji, ambako Benki Kuu ya Tanzania ina ofisi zake. Baada ya Uhuru, watawala waliokabiliana na wageni walihitajika katika vitabu vya shule, na Mirambo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingizwa. John Kabeya aliandika kwa Kiswahili kitabu kizima juu yake. Jina lililowahi kutia hofu katika tembe za Unyanyembe likawa la kuandikwa kwenye kibao cha mtaa.

Heshima hiyo ya kitaifa ilifungua upya njia ya usomo: baada ya Uhuru mzazi angeweza kumpa mtoto jina la Mirambo kwa kulisoma kitabuni, awe Mnyamwezi au asiwe. Ndiyo sababu nyingine ya kutolichukulia jina hili kama alama ya kabila.

Matumizi

1. Likitumiwa kama jina la mtu, Mirambo huchukua upatanisho wa *a-/wa-*, ijapokuwa lina umbo la ngeli ya *mi-*: *Mirambo alifika*, si *\*Mirambo ilifika*. Wingi wa jamaa ni *akina Mirambo*.

2. Tahajia ya ubini ni ile iliyo katika hati za mwenye jina. Aliyeandikishwa *Milambo* asisahihishwe kuwa *Mirambo*, wala kinyume chake. Kubadilisha herufi moja kunaweza kumtenganisha mtu na vyeti vyake au na urithi wake.

3. Maana ya jina isitajwe kana kwamba ni sifa ya mtu. Watoto wenye majina ya namna hii hutaniwa shuleni mara maana inapojulikana. Mwalimu atakayeulizwa ajibu ukweli wote: neno lilimaanisha maiti, lilichaguliwa kuwa jina la vita, na kwa anayelirithi leo ni kumbukumbu ya mtu aliyelitukuza. Kuficha maana, au kuigeuza kuwa mabwawa ya maji, humwacha mtoto bila jibu siku atakapoambiwa na mwingine.

4. Ubini huu usitumiwe kama uthibitisho wa nasaba, wala kukosekana kwake kusitumiwe kuikanusha. Wazao wa mtemi wanaweza kuwa wanaitwa kwa majina mengine kabisa, kwa kuwa desturi yao haikuwalazimisha kubeba la kwake. Anayetaka kujua ukoo wake awaulize wazee majina ya baba, babu na bibi, na mahali walipozikwa. Jina la mwisho kwenye kitambulisho litamwambia tu ni nani aliyekuwa na kalamu.

Tazama pia: *lakabu*, *mtemi*, *rugaruga*, *somo*, *ubini*.