Jina Lililozaliwa Baada ya Ubatizo

Kati ya majina ya Kiingereza yaliyoingia Kongo, hakuna lililosikika kama Stanley. Mji mkubwa ulibeba jina hilo, Stanleyville, mpaka mwaka 1966 ulipoitwa Kisangani. Wazee wetu walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Lakini Stanley halikuwa jina lake la kuzaliwa. Katika kitabu cha mabatizo cha Denbigh, nchi ya Wales, tarehe 19 Februari 1841, ameandikwa mtoto John, aliyezaliwa tarehe 28 Januari mwaka ule ule, na mama yake hakuwa ameolewa. Huyo ndiye John Rowlands. Alipofika Marekani mwaka 1859 alijitwalia jina la tajiri mmoja wa New Orleans, akasimulia kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Waliochungua habari hiyo baadaye wameitilia shaka kubwa. Miaka mingi aliificha asili yake. Kitabu cha kanisa hakikuificha.

Waingereza wanayo desturi ya kutafuta jina la ukoo katika vitabu vya namna hiyo. Mwaka 1538, chini ya mfalme Henry VIII, Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iandike mabatizo, ndoa na maziko. Basi mwenye jina lisilo la kawaida hupanda kama apandaye ngazi, kutoka kwa mwana hadi kwa baba, kutoka kwa baba hadi kwa babu. Kina Smith ni maelfu, humo mtu hupotea. Lakini jina adimu huwa na nyumba mbili tatu tu, nalo humwongoza mtafutaji kama njia ya mbuzi mlimani. Sisi Wakatoliki tulipata amri yetu kutoka Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, nayo ndiyo waliyoifuata Mapadri Weupe walipokuja Kivu.

Nasi tulidhani njia hiyo ya Waingereza ingetufaa huku kwetu Masisi na Walikale. Ikatuaibisha.

Alitujia mzee mmoja, Mnyanga wa Walikale. Alikuwa amehama mara nyingi tangu vita vilivyoanza sokoni Ntoto mwezi Machi 1993 vikaenea mpaka Masisi. Babake alikufa yeye akiwa mdogo. Alitaka kuwajua ndugu za babake kabla naye hajafa, wala hakuwa na kitu mkononi ila jina la marehemu, jina lenye kuanza na She. Tulilitafuta siku tatu, ukurasa kwa ukurasa, macho yakatuuma kwa vumbi. Hatukuliona.

Siku ya nne ndipo tulipojicheka. Wanyanga wanao utenzi wa Mwindo, aliousimulia Candi Rureke mwaka 1956, akauandika Daniel Biebuyck, ukachapwa mwaka 1969. Babake Mwindo aitwa nani? Shemwindo, yaani baba wa Mwindo; na mamake, Nyamwindo. (Msimulizi amwita Shemwindo hata kabla mtoto hajazaliwa, lakini hilo ni ruhusa ya wasimulizi.) Mwingereza aitwaye Johnson amepewa jina na babu wa kale, John, jina limeshuka. Kwa Wanyanga jina hilo hupanda: mtoto ndiye ampaye baba. Sasa, baba wa mzee wetu alibatizwa akiwa kijana asiye na mtoto. Jina tulilolitafuta lilikuwa halijazaliwa bado!

Tukaanza upya, tukiacha majina. Tukatafuta kijiji, umri, na msimamizi wa ubatizo, ambaye mzee alikumbuka kwamba alikuwa fundi wa mbao. Kilatini kidogo tulichokipata seminari kilitufaa, maana Mapadri waliandika Josephus, filius, na kadhalika. Tulijihadhari pia na mwandiko: padre mmoja husikia R, mwenziwe husikia L, wa tatu huandika tsh kama katika Rutshuru.

Aliyetuokoa ni ule ukingo mwembamba wa ukurasa. Sheria ya Kanisa yaagiza kwamba mtu akifunga ndoa mahali pengine, habari irudishwe katika parokia alikobatizwa, iandikwe pembeni ya jina lake. Watu wa Gishari walijue hilo vizuri. Wengi wao, au wazazi wao, waliletwa Masisi kutoka Rwanda kati ya mwaka 1937 na 1955. Kama walibatizwa kabla ya kuhama, kitabu chao cha kwanza kiko huko. Na waliobatizwa baada ya mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristu, wasishangae kuona jina moja kanisani na jingine katika karatasi za serikali.

Pembeni ya kijana mmoja tulikuta ndoa, na jina la mke. Lilikuwa la mamake mzee.

Tulimsomea jina la babake kama lilivyokuwa siku ile ya ubatizo. Hakuwa amelisikia maisha yake yote. Alilirudia mara mbili taratibu, akatuuliza jina la kijiji, akaomba tumwandikie yote mawili katika karatasi, apate kwenda nayo.